Injini ya Nitro Inapogoma: Kuipima, Kuiponya, na Kuibadilisha Ikibidi

Injini ya nitro ya gari la rimoti ikigoma kuwaka, mkono hukimbilia bisibisi. Mtu anazungusha sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta, kulia, anavuta kamba, anazungusha kushoto, anavuta tena, na baada ya nusu saa hakumbuki alianzia wapi. Nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo. Injini moja nzima kabisa niliiweka kabatini miezi kadhaa nikiamini imekufa, kumbe waya ulio ndani ya plagi ulikuwa umekatika.

Tangu siku hiyo nina masharti mawili. Siigusi sindano mpaka nimepima vingine vyote. Na sifungi injini mpya kabla sijajua ya zamani imeuawa na nini, maana mara nyingi kilichoiua bado kimo ndani ya gari.

Injini ninazozungumzia ni zile ndogo za mipigo miwili, za sentimita za ujazo 2.1 hadi 4.6 hivi. Watengenezaji wengi huziandika kwa inchi za ujazo: .12, .15, .18, .21, .28. Mafuta yake ni methanoli iliyochanganywa na nitromethane na oili. Kwa magari, nitromethane huwa kati ya asilimia 10 na 30. Oili imo humohumo kwenye mafuta, kwa hiyo mafuta yakipungua, ulainishaji nao unapungua. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu ndilo linaloua injini nyingi.

Kabla hujagusa chochote

Moto wa methanoli karibu hauonekani mchana. Unaweza kuona gari limetulia kumbe linawaka. Methanoli ni sumu ukiinywa, inaweza kupofusha, na hupenya ngozi, basi vaa glavu unapojaza tangi. Fanya kazi nje, si chumbani wala gereji iliyofungwa, na uwe na kizimamoto karibu. Bomba la moshi huunguza dakika chache tu baada ya kuwasha.

Washa rimoti kwanza, kisha risiva ya gari, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti. Ukimaliza, zima risiva kwanza, rimoti mwisho. Na ujue utaizimaje injini kabla hujaiwasha: bana mpira wa mafuta, au ziba tundu la bomba la moshi kwa kitambaa kizito. Injini iliyopandisha resi bila kutii rimoti haikupi muda wa kufikiri.

Hatua ya 1: Pima kompresheni kwa kidole

Plagi ikiwa imefungwa, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la shafti ya injini, polepole kwa kidole. Pistoni ikikaribia juu unapaswa kuhisi upinzani, kama kitu kinachokusukuma kurudi. Ukizungusha ikapita laini tu, ama plagi au silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) imelegea, ama injini imechoka.

Sasa toa plagi uzungushe tena. Hewa haibanwi tena, hivyo ugumu wowote utakaohisi pale juu ni wa chuma na chuma. Kwenye injini hizi ugumu huo ni kitu kizuri. Slivu, yaani bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu, na imechongwa ikiwa nyembamba kidogo kuelekea juu. Injini ikiwa baridi, pistoni ya aluminiamu hubanwa pale juu. Ikipata moto, slivu hutanuka kuliko pistoni, na nafasi inayopatikana inatosha utando wa oili tu. Ndiyo maana injini mpya ni ngumu kuizungusha ikiwa baridi, na watu huirudisha dukani wakidhani imenoki.

Injini iliyochakaa hufanya kinyume. Baridi huwaka vizuri, ikichemka kidogo inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe. Ukiona tabia hiyo, rudia kipimo cha kidole injini ikiwa ya moto, kwa glavu. Kama ilibana ikiwa baridi na sasa ikiwa na moto haina hata upinzani wa hewa, umepata jibu lako, na sindano haitalibadilisha.

Na kama haizunguki kabisa? Usivute kamba kwa nguvu. Mara nyingi silinda imejaa mafuta, na mafuta hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Toa plagi, pindua gari chini juu, funika tundu kwa kitambaa, weka uso mbali, kisha vuta kamba mara kadhaa mafuta yatoke. Kama bado imekwama na ni injini mpya, pistoni imebanwa juu. Ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha zungusha flaiwili kwa mkono. Huo si ugonjwa.

Hatua ya 2: Plagi

Ndani ya plagi kuna waya mwembamba wenye platinamu uliosokotwa. Betri ya kuwashia, ya volti 1.2 hadi 1.5, huupasha moto wakati wa kuwasha tu. Baada ya hapo methanoli yenyewe ikigusana na platinamu ndiyo inayouweka waya ukiwaka. Hakuna koili, hakuna cheche. Waya ukichoka au ukipata uchafu, injini huzima mara tu unapotoa betri.

Ishike plagi kwa koleo, unganisha betri, utazame. Waya wote unapaswa kuwaka rangi ya chungwa, kwa haraka. Ukiwaka nusu, au ukawaka mwekundu hafifu, jaribu kwanza betri nyingine iliyojaa kabla hujaitupa plagi. Ni kosa la kila siku: betri ya kuwashia imekwisha, plagi inalaumiwa.

Halafu isome. Ikiwa imelowa na kung'aa, mchanganyiko ni mzito, yaani mafuta ni mengi. Ikiwa na rangi ya kijivu isiyong'aa, uko karibu na sawa. Waya ukiwa umepinda, umebonyea au umekatika, injini imekuwa ikipata mafuta kidogo au mbano ndani ya silinda umezidi. Kipande cha waya kikikosekana, fungua silinda hedi ukitafute kabla hujawasha tena, maana kinaweza kuikwaruza slivu.

Plagi zenye kitako cha koni na zile za kawaida zenye washa ya shaba haziingiliani. Kila moja ina silinda hedi yake.

Plagi yenye shaka, badilisha. Plagi inaweza kuwaka vizuri mkononi na bado ikashindwa ndani ya silinda, na kuipima kwa plagi mpya huchukua dakika mbili.

Hatua ya 3: Mafuta na njia yake

Methanoli hunyonya unyevu wa hewani. Chupa iliyokaa wazi, au iliyobaki robo tangu msimu uliopita, inaweza kukusumbua siku nzima. Anza na mafuta mapya unapotafuta tatizo, ili uwe umeondoa shaka moja.

Kisha fuata mpira kutoka tangini hadi kabureta. Tazama nyufa, hasa pale unapoingia kwenye chuchu, na safisha chujio dogo la katikati kama lipo. Mpira wa pili, ule unaotoka kwenye bomba la moshi kwenda tangini, watu huusahau. Huo ndio unaosukuma mafuta. Ukitoboka, au mfuniko wa tangi ukikosa kubana, gari hukimbia vizuri tangi likiwa limejaa, kisha mchanganyiko unakuwa mwepesi kadiri mafuta yanavyoshuka. Kulipima tangi: litoe, ziba chuchu moja, lizamishe majini, pulizia kwenye nyingine. Mapovu hayafichi kitu.

Hatua ya 4: Hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma

Dalili zake ukizijua hutazisahau. Unaachia triga, na injini inabaki na resi ya juu sekunde kadhaa kabla ya kushuka. Sailensi, yaani mwendo wa injini bila kuvuta triga, inapanda na kushuka yenyewe. Unazungusha sindano, na injini haijibu, au leo inajibu hivi na kesho vingine.

Hewa huingia chini ya shingo ya kabureta, kwenye kifuniko cha nyuma, kwenye mpira wa mkunjo wa sindano, au kupitia beringi ya mbele. Ukiwa umeitoa injini, ziba tundu la moshi kwa kidole, weka tone la oili kwenye kila kiungo, kisha pulizia hewa kwa mpira kupitia kabureta iliyo wazi. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Beringi ya mbele kuvuja kidogo sana ni kawaida. Oringi (pete ya mpira) ya shingo ya kabureta ndiyo hufa mara nyingi zaidi, na kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi.

Kabla hujaondoka hapo, tazama klachi na breki. Spring ya klachi ikikatika, gari husonga hata likiwa sailensi, na ukifunga breki injini inazimwa kwa nguvu. Beringi za kengele ya klachi, kile kikombe kinachoifunika, zikikwama hufanya vilevile. Breki inayogusa muda wote huichemsha injini kana kwamba inapanda mlima. Nyanyua gari, zungusha magurudumu kwa mkono: yasikokotwe.

Hatua ya 5: Sasa sindano

Kwanza hesabu. Funga sindano ya kasi ya juu polepole kuelekea kulia mpaka ikae, bila kuikaza, ukihesabu mizunguko. Andika. Fanya hivyo kwa sindano ya kasi ya chini. Sasa una mahali pa kurudi. Ukiwa umepotea kabisa, zirudishe zote kwenye vipimo vya kitabu cha injini.

Kulia ni mafuta kidogo, yaani mchanganyiko mwepesi. Kushoto ni mafuta mengi, mchanganyiko mzito. Uchukulie mfereji wa skrubu kama mshale wa saa, na usogeze saa moja kwa wakati. Baada ya kila badiliko, endesha gari mizunguko miwili mitatu ndipo uamue. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja.

Injini iwe imepata moto kwanza. Anza na sindano ya kasi ya juu. Gari likikokota, likitoa moshi mzito na sauti ya kugugumia hata ukivuta triga yote, punguza mafuta. Likipaa vizuri kisha nguvu ikafifia mwisho wa mbio na moshi ukapotea, ongeza mafuta mara moja, usisubiri mzunguko mwingine. Katika kasi ya juu lazima kuwe na mstari wa moshi wa bluu unaoonekana. Huo moshi ni oili inayopita, na oili ikipita injini inaishi.

Kisha sindano ya kasi ya chini. Injini ikiwa sailensi, bana mpira wa mafuta karibu na kabureta. Ikipandisha resi kidogo na kuzima ndani ya sekunde mbili hadi nne, umefika. Ikizima papo hapo, ni nyepesi. Ikipanda sana na kuendelea muda mrefu, ni nzito. Mwisho kabisa ndipo unarekebisha skrubu ya sailensi. Ukiianza hiyo, utaifuata kutwa nzima. Mlango wa kabureta kwenye sailensi uwe wazi takriban milimita moja au pungufu kidogo.

Joto likipimwa kwenye plagi, injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 95 na 125 za Selsiasi. Ichukue namba hiyo kama onyo, si kama lengo. Nimeona watu wakipunguza mafuta ili tu kipimo kifike 110, huku moshi umekwisha na injini inalia kama inachunwa. Moshi na sauti vina kauli ya mwisho.

Hewa baridi ni nzito na ina oksijeni zaidi, kwa hiyo inahitaji mafuta zaidi. Ukitune gari mchana wa jua na kuliendesha kesho yake alfajiri ya baridi bila kuongeza mafuta, unaliendesha likiwa jepesi. Mahali pa juu sana hewa ni nyembamba, na hapo mafuta hupunguzwa.

Hatua ya 6: Kuamua kama imefika mwisho

Injini imekwisha kama haina mbano ikiwa na moto, au slivu ina mikwaruzo ya wima unayoihisi kwa ukucha, au kromu imeanza kumenyuka. Konrodi ikiwa na mchezo wa juu na chini, iko karibu kukatika, na ikikatika huvunja kila kitu. Beringi zinazolia peke yake si hukumu ya kifo, huuzwa na hubadilishwa. Pistoni, slivu na konrodi navyo huuzwa kama seti, ila mara nyingi gharama yake inasogelea injini nzima, na mimi hapo huchukua injini.

Kuibadilisha

Ukubwa wa injini peke yake hautoshi. Linganisha aina na urefu wa shafti ya krenki, upande wa tundu la moshi kama ni la ubavuni au la nyuma, umbali wa matundu ya kufungia, na namna ya kuwashia, iwe kamba, kisanduku cha kuwashia au kiwashio cha umeme. Shafti ikiwa tofauti, flaiwili na klachi yako haviingii.

Safisha gari lote kabla ya kufungua, hasa kuzunguka kabureta. Piga picha za mpangilio wa vijiti vya throto (mlango wa kabureta) na breki. Toa chujio la hewa kisha zibe kabureta mara moja. Ondoa mipira ya mafuta, spring ya bomba la moshi, kijiti cha throto, halafu skrubu za chini. Injini itanyanyuka na klachi yake.

Kuhamisha flaiwili kunahitaji subira. Ishikilie kwa koleo maalumu la flaiwili ukifungua nati. Kamwe usichomeke bisibisi kwenye tundu la moshi ili kuizuia pistoni isizunguke. Utaifungua nati, na utaikata pistoni. Flaiwili imekaa kwenye koni, basi igonge kwa wepesi pembeni huku ukiizungusha, itaachia.

Kwenye injini mpya panga koni, flaiwili, viatu vya klachi na spring, kisha kengele na beringi mpya kama zile za zamani zina mchanga. Kengele izunguke huru, na iwe na mchezo mdogo sana wa mbele na nyuma. Skrubu zote za chuma kwa chuma zifutwe mafuta kwenye hesi, kisha zipakwe gundi ya kuzuia skrubu kulegea. Injini hutetemeka, na skrubu isiyo na gundi itaanguka.

Weka injini, kaza skrubu nusu, ingiza kipande cha karatasi ya kuandikia kati ya gia ndogo na gia kubwa, sukuma zibanane, kaza, kisha zungusha karatasi itoke. Itoke imekunjika bila kuchanika. Sasa zungusha gia kubwa duara zima, maana gia za plastiki hazikosi sehemu iliyovimba kidogo. Ikibana popote, legeza uanze upya.

Funga bomba la moshi na gasketi yake, rudisha mipira, washa rimoti na risiva, hakikisha throto inafunguka yote na kurudi yote bila servo, ile mota ndogo inayoisukuma, kulia.

Kuizoesha

Ipashe injini moto kabla ya kuwasha, mpaka silinda hedi iwe ya moto mkononi, ili pistoni isisage slivu ikiwa baridi. Tangi la kwanza na la pili, mchanganyiko mzito, sailensi na mwendo mdogo. Izime, zungusha flaiwili pistoni ishuke chini kabisa, iache ipoe. Pistoni ikipoea juu, slivu itaibana pale inapokuwa inasinyaa. Endelea hivyo matangi manne hadi sita, ukipunguza mafuta kidogo kidogo na kuongeza kasi kwa vipindi vifupi. Ila usiiendeshe nzito mpaka inabaki vuguvugu tu. Injini isiyofika joto lake inajisaga pale juu, na mbano uliolipia unaisha kabla hata hujaanza kukimbia.

Kila siku ukimaliza, iache imalize mafuta yaliyobaki, tia matone machache ya oili ya kuhifadhia kwenye kabureta na tundu la plagi, zungusha mara kadhaa. Methanoli iliyobaki huvuta maji, na beringi hupata kutu usiku huohuo.

Chujio

Injini niliyoiua mwenyewe kweli, si ile ya kabatini, ilikufa kwa vumbi. Sponji ilikuwa safi kwa macho, ila kavu. Niliendesha kwenye udongo mkavu matangi matatu, na mbano ukaisha. Nikafunga injini mpya na chujio lilelile.

Sponji lazima iwe na oili ya chujio iliyosambaa mpaka ndani, ukiiminya rangi iwe moja kote. Ioshe kwa mafuta ya taa au sabuni, ikauke kabisa, ndipo uipake upya. Funga shingo ya chujio kwenye kabureta kwa kamba ya plastiki, na ukikaza hakikisha haijaacha mwanya. Kuwa na sponji mbili, moja garini na moja iliyokwisha pakwa kwenye mfuko.

Baada ya tangi la kwanza la injini mpya, toa chujio na ufute ndani ya shingo yake kwa kitambaa cheupe. Ukiona oili tupu, rudisha uendelee. Ukihisi hata chembe moja ya mchanga kati ya vidole, usiwashe tena siku hiyo.